Mwanamke Niliyesema Hayupo

Niliwahi kumfuata mtu kwa kificho, mtaa baada ya mtaa, nikiwa na hakika kwamba naenda kumkamata mwizi.

Akanipeleka mpaka kwetu.

Sisemi mtaani kwetu tu. Nasema mlango wa mama yangu, ule wenye pazia la shanga, ambao nimeupita tangu najifunza kutembea. Alilisogeza pazia, akavua viatu, akaingia bila hodi.

Mimi mwenyewe siku hizo nilikuwa nabisha hodi.

Kaa vizuri nikupe mkasa wote, maana ukiusikia nusu utanihukumu vibaya. Ukiusikia wote huenda ukanihukumu vibaya zaidi, lakini angalau utakuwa na sababu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na nilikuwa mhariri wa hadithi wa jarida la wanafunzi. Jarida lilikuwa letu kwa kila kitu. Tuliandika wenyewe, tukahariri wenyewe, tukachapa kwenye mashine kuukuu ya idara, kisha tukakaa sakafuni kubana kurasa kwa pini. Ofisi yetu ilikuwa stoo ya viti vibovu. Ukitaka kukaa, unachagua kiti ambacho ubovu wake umeshauzoea.

Kwa watu wa nje ulikuwa mchezo wa watoto. Kwangu mimi ilikuwa dunia nzima.

Sasa, jarida lilikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa kuliko zote. Kila kazi ilisomwa kwa sauti bila jina. Majina aliyajua mwenyekiti peke yake mpaka kura zipigwe. Hata sisi wahariri tuliruhusiwa kuleta kazi zetu, ila mwenye kazi alitakiwa akae pale kimya kama vile haimhusu. Ukijitetea tu, umetoka.

Sheria nzuri. Mimi iliniua.

Tangu nijiunge hakuna hadithi yangu hata moja iliyopita. Wenzangu walizikataa mbele ya macho yangu bila kujua ni zangu, na mimi nikitikisa kichwa kana kwamba nakubaliana nao. Kuna siku niliulizwa maoni nikasema, "Kweli kabisa, imekosa uhai." Yaani unamzika mwanao, halafu wanakukabidhi sepetu.

Nilijaribu kila dawa ya kuleta msukumo. Nilinunua kalamu ya wino. Nikahamia kuandikia mgahawani, nikahamia maktaba, nikahamia juu ya paa la bweni. Nikanyoa nywele zote, kwa imani kwamba akili itapata hewa.

Mama yangu ni msusi. Siku aliyoniona na kile kipara alinitazama tu, akasema, "Haya," akaendelea na mteja wake.

Hadithi zangu nyingi zilitokea kwenye viwanja vya ndege. Sijawahi kupanda ndege.

Ndipo akaja Sweta.

Tulimwita hivyo kwa sababu ya sweta lake moja la kijani, jua liwake, mvua inyeshe. Alikuwa binti wa mwaka wa kwanza, mwembamba, sauti ya chini, mtu wa kupisha wenzake mlangoni. Akajiunga na kamati. Hadithi yake ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ilipomalizwa kusomwa, watu walikaa kimya kwanza, na kimya cha namna hiyo sijawahi kukipata mimi.

Nilimchukia kwa utaratibu. Nilianza na hadithi zake, nikaja kwenye sweta, nikaja kwenye mwandiko. Hata misuko yake ilinikera. Midogo, mistari imenyooka, imelala kichwani kwa adabu, na haikuwahi kuchakaa kabla hajasuka mipya. Nilijiambia mtu mwenye muda wa kusukwa hivyo hawezi kuwa na muda wa kuandika. Lakini alikuwa anaandika.

Siku moja tukiwa sakafuni tunabana kurasa nilimuuliza, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, "Hivi wewe haya mambo unayatoa wapi?"

"Nasikiliza watu, dada."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Nikasema moyoni, sawa, mganga hataji dawa.

Kwenye kamati kulikuwa na jamaa tuliyemwita Mzee wa Koma, kwa sababu aliweza kukesha akigombana na alama moja ya mkato. Siku hiyo alinitazama weee, akasema, "Dada, una sura ya mtu aliyemeza shubiri."

"Nina njaa."

"Mwenye wivu ajinyonge," akasema, akacheka peke yake.

Likaja toleo la mwisho wa mwaka. Hilo ndilo lililosomwa na chuo kizima, walimu kwa wanafunzi, na mbele yake kabisa ilikaa hadithi moja ndefu. Moja tu. Kwangu hilo ndilo lilikuwa toleo la mwisho kabla ya kuhitimu. Ama jina langu likae pale, ama niondoke chuoni nikiwa mtu aliyesahihisha kazi za wenzake basi.

Niliandika kiwanja cha ndege kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuandika.

Siku ya kikao, baada ya mchujo, zikabaki hadithi mbili. Yangu ilisomwa kwanza. Watu wakasema lugha safi. Mwenyekiti akasema muundo mzuri. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikaogopa kiti kitanisaliti kwa mlio.

Kisha Mzee wa Koma akasoma ya pili.

Ilikuwa juu ya mwanamke msusi, ana mtoto mchanga, mumewe amemwacha na kuhamia kwa mwanamke mwingine. Siku moja anaingia mteja mgeni. Mteja anavua kitambaa cha kichwa ili asukwe, anamwekea msusi gotini amshikie. Msusi anakitazama kitambaa. Ni chake. Alikitafuta nyumba nzima wiki ile mumewe alipoondoka.

Yule mteja hajui kitu. Anasukwa, anapiga soga, anamsimulia msusi habari za bwana wake, anavyokoroma, anavyopenda chai ya moto sana. Msusi anasuka. Anasuka vizuri, taratibu, bila kumuumiza. Mteja anapenda mkono wake, anarudi tena na tena, na kila mara msusi anakunja kile kitambaa vizuri na kumrudishia.

Mwishoni mtoto analia chumba cha ndani. Mteja anaomba ambebe. Anasema, "Mtoto mzuri huyu. Anafanana na nani?"

Msusi anajibu, "Anafanana na mimi."

Hapo ndipo ilipoishia.

Kikaja kile kimya. Mwenyekiti alivua miwani akaipangusa, na haikuwa na vumbi. Nikamtupia jicho Sweta. Alikuwa ameinama anavuta uzi kwenye mkono wa sweta lake. Sikuhitaji kuambiwa ni ya nani.

"Haiwezekani," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Nini hakiwezekani?" mwenyekiti akauliza.

"Huyo mwanamke. Hayupo. Mwanamke gani anashika kichwa cha mwenzake aliyemchukulia mume, anakisuka kwa upole, halafu anamwambia karibu tena? Na huyo mtu aingie saluni hiyohiyo, na kitambaa hichohicho?"

"Mambo hutokea," Mzee wa Koma akasema.

"Hayatokei. Aliyeandika hii hajui wivu ni nini. Wivu ninaujua mimi."

Hapo Mzee wa Koma akakohoa.

"Huyo mwanamke lazima angefanya kitu," nikaendelea. "Chochote. Hapa mwandishi ametuletea malaika. Malaika hana hadithi."

Niliongea kwa uchungu mpaka baadhi yao wakaanza kutikisa kichwa. Lakini kura zilipopigwa, ile ikawa ya kwanza na yangu ya pili. Walichonipa ni kipande cha mfupa tu: kwamba kwa kuwa mimi ndiye mhariri wa hadithi, nikae na mwandishi tuutazame upya mwisho. Jina likatajwa. Sweta.

Alipongezwa. Nilimpongeza pia, kwa meno.

Kesho yake nikamkuta kwenye ngazi za maktaba. Nikamwambia kwa heshima zote za ofisi kwamba mwisho wake umelala. Afanye yule msusi amwage hasira, amkate nywele, amwambie ukweli, vyovyote.

"Siwezi, dada."

"Kwa nini huwezi? Ni hadithi yako."

"Si yangu peke yangu kuibadilisha."

"Ni ya nani basi?"

Akafunga begi lake. "Ngoja nikaulize. Jumamosi nitakwenda kuuliza."

"Kumuuliza nani?"

Akashuka ngazi akanipisha na mimi nipite, kwa adabu yake ileile.

Nilibaki pale nikitabasamu. Nimempata. Kumbe ndiyo maana hadithi haziishi, mtoto ana mtu anayemwandikia. Na jarida letu lilikuwa wazi juu ya hilo. Kazi ikithibitika si ya mwenyewe inaondolewa, na ya pili inapanda. Ya pili ilikuwa yangu.

Jumamosi nikajibanza kwenye kibanda cha kunakili karatasi mbele ya lango la chuo, nikamsubiri.

Akatoka asubuhi. Akaingia duka la vipodozi akanunua nywele za kusukia. Akapita kwa fundi viatu, akamsalimia. Akavuka barabara ya lami, akakata nyuma ya shule ya msingi. Mimi nyuma, leso usoni kama mgonjwa. Alipopinda kwenye tangi la maji nikaanza kuhisi vibaya, kwa sababu baada ya tangi hakuna njia nyingine. Kuna mtaa wetu.

Nikadhani ameniona. Nikadhani anakwenda kunishtaki kwa mama.

Akapita duka la mkaa, akapita kwa jirani yetu mwenye kuku, akalisogeza lile pazia la shanga.

Nilisimama barabarani sijui mikono niiweke wapi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila mimi wangu alikuwa ameingia mpaka ndani na kuvua viatu.

Nikazunguka uani, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Kutoka jikoni unapita chumba cha ndani, na kutoka pale, ukisogeza pazia kidogo, unaiona saluni yote.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Sweta alikuwa sakafuni, kichwa chake kati ya magoti ya mama yangu.

Ile sehemu ilikuwa yangu. Nilikulia pale. Nilifundishwa kusoma nikiwa nimebanwa pale, nashika kitabu huku kichwa kinavutwa. Tangu ninyoe sikuwa nimekaa tena, na haikuwa imenijia akilini kwamba kuna mtu anaweza kukaa.

"Inamisha, mwanangu," mama akasema.

Mwanangu. Niliuma leso.

"Haya, hao wasomi wamesemaje?"

"Imepita, mama. Imeshika nafasi ya kwanza. Lakini mhariri wa hadithi anataka nibadilishe mwisho."

Mama akachukua fungu la nywele, akaligawa. "Huyo mhariri kasema nini hasa?"

Sweta akasita. "Amesema mwanamke wa namna hiyo hayupo."

Mikono ya mama ikasimama.

"Kasema hayupo."

"Na kwamba aliyeandika hajui wivu ni nini."

Mama alikuwa anatazama ukuta juu ya kichwa cha Sweta, na nikaona kidevu chake kinafanya kile kitu kinachofanya akiwa hataki kulia mbele ya mteja.

Mimi si mwepesi, lakini hapo hata mzito angeelewa. Msusi. Mume aliyeondoka. Mtoto anayelia chumba cha ndani.

Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha ndani.

Baba, niliambiwa tangu utoto, alisafiri kikazi akapotelea huko. Sikuwahi kuuliza kazi gani wala huko ni wapi. Mimi, niliyeandika safari za watu wasiokuwepo kwenye viwanja ambavyo sijavikanyaga, sikuwahi kuuliza safari ya baba yangu.

Nikarudi nyuma hatua moja, kisigino kikagonga sufuria. Ikabiringika mpaka mlangoni na kifuniko chake.

"Mhariri," mama akasema bila kugeuka, "toka huko. Utanivunjia vyombo."

Nikatoka.

Sweta akajaribu kugeuka. Mama akakirudisha kichwa mahali pake. "Tulia, utaharibu mstari."

"Mama, huyu ndiye..."

"Huyu ni mwanangu wa kumzaa."

Maskini, rangi ilimtoka. "Dada, naapa sikujua. Hukuwahi kusema kwenu ni wapi."

Ni kweli sikuwahi kusema. Chuoni nilikuwa nikiulizwa nasema mama yangu ni mfanyabiashara.

Nilitaka kuomba msamaha. Kilichotoka mdomoni ni kingine.

"Kwa nini yeye?"

Mama akaendelea kusuka. Sweta hakuwa na pa kukimbilia, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, kwa hiyo alikaa akatusikiliza.

"Alikuja kusukwa. Nikamuuliza anafanya nini chuoni, akasema yuko kwenye jarida. Nikamwambia nina hadithi, iandike uipeleke, mhariri wenu aisome."

"Mimi nilikuwepo, mama. Mimi ni mwandishi. Mtoto wako."

"Nilikuanzia. Ulipokuja likizo nilikuanzia. Ukasema, mama, subiri, naandika. Jioni nikakuanzia tena, ukainua mkono hivi." Akainua kiganja, na nikakitambua kile kiganja. "Nikaona mimi sisikilizwi, ila ikija imeandikwa utaisoma. Si ndiyo kazi yako?"

Nikaikunja leso mkononi.

"Basi ukanisoma," mama akasema. "Ukasema sipo."

Nililia. Nasema wazi, nililia pale mbele ya Sweta, kilio cha kamasi. Na katikati ya kilio hicho bado nilikuwa nakitazama kile kichwa kati ya magoti ya mama, na nilitamani kukisukuma kitoke. Ndivyo nilivyo. Wivu haukuniacha hata kwenye toba.

Sweta akasema kwa sauti ya chini, "Nitaiondoa, dada. Nitamwambia mwenyekiti nimeghairi."

Angeiondoa, yangu ingepanda. Hicho ndicho kilikuwa kimenitoa chuoni mpaka pale, na sasa nilikuwa nakabidhiwa bila hata kuomba. Mama akaniachia mimi.

Nilikaa nalo lile jambo muda ambao sijivunii.

"Iache," nikasema mwishowe. "Na mwisho wake usiuguse."

Mama akamaliza kusuka. Sweta akajitazama kwenye kioo haraka, akaaga, akamshukuru mama, akanipita kwa kuinama kidogo. Pazia la shanga likatulia nyuma yake.

Tukabaki wawili. Mama akachukua ufagio, akaanza kukusanya vipande vya nywele. Mimi nikakaa kwenye benchi la wateja. Mtu mwenye akili angenyamaza.

"Hata hivyo," nikasema, "bado siamini. Mwanamke yule, mama, hapana."

Akaacha kufagia. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Uko sawa," akasema. "Hayupo."

"Unasemaje?"

Akaenda akafunga mlango wa mbao, ule wa nje ya pazia. Akarudi akakaa.

"Kitambaa ni kweli. Alivyoingia bila kunijua ni kweli. Lakini hiyo ya kumsuka kwa upole..." Akatikisa kichwa. "Nilimkaza. Kila alipokuja nilimkaza mpaka nyusi zinapanda juu. Akilalamika namwambia ndio mtindo. Na yeye anashukuru. Anasema, dada, mkono wako ukisuka hazifumuki. Zingefumuka vipi, nilikuwa nazifunga na roho yangu mbaya mle ndani. Nywele za mbele zikaanza kumkimbia. Alipokuja mara ya mwisho, paji la uso lilikuwa limefika utosini."

Nilijiziba mdomo.

"Na mtoto? Alinibeba kweli?"

"Alikubeba. Akauliza unafanana na nani."

"Ukasema na wewe."

"Nikasema na baba yake. Nikamwambia, mtazame vizuri, unamjua."

Nje jirani alikuwa anaita kuku wake. Mama akasubiri amalize.

"Alikutazama. Akakuweka chini taratibu, hakukutupa, hiyo lazima niiseme. Akainuka na kichwa nusu. Huku misuko, huku nywele zimesimama wima. Akatoka hivyohivyo mchana kweupe, akapita duka la mkaa, akapita kwa watu wote. Kitambaa akakisahau."

"Kiko wapi?"

Akanyoosha kidole. Kando ya kioo, kwenye msumari, palikuwa na kile kitambaa kilichofifia ambacho tumefutia kioo miaka yote.

"Ulifanya nini alipoondoka?"

"Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikakumbuka yule binti alikuwa hajui hata kama nipo duniani. Aliyenikosea mimi alikuwa amekaa kwake anangoja chai ya moto. Kicheko kikaisha. Sijamwambia mtu mpaka leo."

"Hata huyu mwenzangu aliyetoka sasa hivi?"

"Yule nilimpa ile inayopendeza. Mtoto wa watu kaja kusukwa, nianze kumwambia mimi ni mbaya?" Akaokota chanuo chini, akakifuta kwenye gauni. "Hii nyingine nilikuwekea wewe. Nilijua ukiisoma ile ya uongo utakuja kuniuliza. Ni kweli uliniumiza uliposema sipo. Lakini mwenzako alipofika pale uliposema mwandishi hajui wivu, nilikaribia kucheka. Nikasema, huyu sikubadilishiwa hospitali."

Sikumbuki nani kati yetu alianza kucheka. Nakumbuka tulicheka mpaka mteja akabisha hodi na hatukuweza kumfungulia.

Toleo lilitoka na hadithi ya Sweta mbele, mwisho haukuguswa. Kurasa zake nilizibana mimi mwenyewe. Watu walilia. Mwalimu wa fasihi alisimama ukumbini akasifu ule upole wa msusi, akasema hapo ndipo ubinadamu wenyewe ulipo. Mimi nimekaa nyuma, nampigia makofi binti wa watu kwa hadithi ya kwetu, huku wivu unanitafuna. Nilihitimu bila jina langu kuonekana pale mbele hata mara moja.

Hii unayoisoma ndiyo ile nyingine, niliyowekewa mimi. Mama amenipa ruhusa kwa sharti moja. "Usinifanye malaika," alisema. "Mwenzako alishanifanya malaika, na kila akija nalazimika kumsuka kwa upole."

Wengi mnaniandikia kuuliza msukumo unapatikana wapi, mnaniambia mna kalamu ila hamna cha kuandika. Mimi nilikuwa mmoja wenu, na nyumbani kwetu ilikuwa penye miti hapana wajenzi. Kwa hiyo sitawaambia muache wivu, maana wangu mwenyewe sijauacha. Ukimwonea mwenzako wivu, usikae ukanuna tu. Mchunguze anamsikiliza nani. Inawezekana kabisa ni mtu wako, aliyechoka kukungoja.